Vidonge vinanikinga saratani isirudi, lakini tendo la ndoa limegeuka mateso

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza na kuifuta mara nyingi, kwa sababu jambo lenyewe sijawahi kulitamka mbele ya mtu, hata dada yangu wa tumbo moja. Naomba unisikilize kama mwanao.

Umri wangu ni miaka 47, nimeolewa na nina watoto watatu. Miaka mitatu iliyopita niligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa dripu za kemo, kisha nikachomwa mionzi. Nilipodhani nimemaliza, daktari akanieleza kwamba saratani yangu ni ya aina inayolishwa na homoni, kwa hiyo safari bado. Kila siku nameza kidonge cha letrozoli, na kila mwezi nadungwa sindano ya kulaza ovari. Niliambiwa nitatumia dawa hizi miaka mitano, huenda na zaidi. Sasa nimepita wa pili.

Joto la ghafla na maumivu ya viungo niliambiwa mapema, nikajiandaa. Hili lingine hakuna aliyenitajia. Huko chini nimekauka, Shangazi. Nikikaa muda mrefu nawashwa. Nikikojoa, mkojo unaniunguza, na nimeshatibiwa UTI zaidi ya mara moja. Kwenye tendo la ndoa ndiko nateseka hasa. Mume wangu akiniingilia nahisi nachanwa kwa wembe. Mara ya mwisho niliona madoa ya damu kwenye shuka, nikaingiwa na hofu kwamba saratani imehamia huko.

Mume wangu ni mtu mwema. Nywele zangu zilipoanza kunyonyoka alinyoa na zake. Alinibadilishia bandeji, alinishika mkono nikitapika. Kwa hiyo unaweza kufikiria ninavyojisikia pale anaponisogelea kitandani nami nageukia ukutani na kujifanya nimelala. Nikisikia tu mlango wa bafu unafungwa, mwili mzima unakaza. Kuna usiku natafuta kazi ya kufanya mpaka nijue amesinzia. Juzi aliniuliza kwa upole, “Mke wangu, umenichoka?” Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo hanigusi hata begani, na sijui kama ananihurumia au amekata tamaa.

Rafiki yangu aliyekwisha koma hedhi alinipa tyubu ya krimu ya estrojeni, ile homoni ya kike, anayopaka ukeni. Anasema imemrudishia ujana. Nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, nikakuta imeandikwa kwamba asitumie mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Nimeificha kabatini. Siku nyingine naitoa, naiangalia, nairudisha.

Siku nyingine wazo linalonijia ni kuacha vidonge kimyakimya. Najiambia nimekwisha meza miaka miwili, labda inatosha. Halafu nawatazama wanangu, naogopa.

Daktari wangu ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Akiniuliza naendeleaje namjibu salama. Niliwahi kumdokezea muuguzi mmoja, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba nipo hai, maana wenzangu wengi hawakupata bahati hiyo. Nilinyamaza, na sijamwambia mtu mwingine tena.

Je, Shangazi, nichague ndoa yangu au nichague uhai wangu? Niache dawa, nipake krimu, au nikaze meno nivumilie mpaka hiyo miaka iishe?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kutoifuta barua safari hii.

Niseme kwanza nilivyokuelewa. Saratani yako ilitibiwa, na sasa unatumia dawa mbili zinazoizuia isirudi. Dawa hizo zimekukausha ukeni, zimekuletea maumivu na UTI, na maumivu yamejenga ukuta kati yako na mwanamume unayempenda. Mbele yako unaona milango mitatu: kuacha dawa, kupaka krimu kwa siri, au kuvumilia. Na umeyabeba haya peke yako, kwa sababu mara moja ulipofungua mdomo ulifungwa kwa neno la shukrani.

Nianzie kwa huyo muuguzi. Sina shaka alitaka kukutia moyo, lakini neno lake lilikunyima matibabu. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake na papo hapo akasema anaumia. Viungo vyako vilipouma hakuna aliyekuambia ushukuru tu, walikupa dawa. Ukavu wa uke ni madhara ya dawa vilevile, una maelezo yake na una tiba zake. Mwaka 2014 vyama viwili vya wataalamu wa afya ya wanawake, kimoja cha kimataifa na kingine cha Amerika Kaskazini, vilikubaliana jina moja la kitabibu linalojumuisha ukavu, kuwashwa, maumivu ya tendo na matatizo ya mkojo yanayotokana na kupungua kwa estrojeni. Walifanya hivyo ili wagonjwa na madaktari wapate pa kuanzia mazungumzo. Kwa hiyo unacholalamikia kinajulikana, na wanawake wengi walio kwenye vidonge kama vyako wanacho. Wengi wao, kama wewe, wanajibu “salama.”

Hebu nikueleze kinachotokea mwilini mwako, maana naona hofu yako nyingine inatokana na kutojua. Ovari ndizo kiwanda kikuu cha estrojeni, na sindano yako imezilaza. Lakini mwili una viwanda vidogo pia: kwenye mafuta, kwenye misuli na sehemu nyingine, kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Letrozoli inakizima hicho, kama zinavyofanya anastrozoli na eksemestani. Ndiyo maana estrojeni mwilini inashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa saratani inayolishwa na estrojeni, hiyo ni njaa, na ndiyo faida ya dawa.

Shida ni kwamba uke nao unaishi kwa estrojeni. Ikipungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, mikunjo yake inayoruhusu kutanuka inapotea, na damu inayofika pale inapungua. Sukari iliyokuwa ikiwalisha bakteria rafiki inapungua pia, bakteria hao wanapungua, na ile asidi iliyokuwa ikizuia vijidudu vibaya inaisha nguvu. Njia ya mkojo na kibofu vinategemea homoni hiyohiyo. Kwa hiyo UTI zako na ukavu wako ni ugonjwa mmoja, na ni vizuri daktari aviangalie pamoja badala ya kukuandikia antibayotiki kila mara na kukurudisha nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo huenda hukuambiwa. Joto la ghafla kwa wanawake wengi hupoa kadiri muda unavyokwenda. Ukavu haufuati njia hiyo. Usipotibiwa, mara nyingi hubaki au huongezeka. Ndiyo maana huo mlango wako wa tatu, wa kukaza meno mpaka miaka iishe, unanitia wasiwasi kuliko unavyodhani. Kila mara unaporuhusu tendo linalokuumiza, misuli ya nyonga inajifunza kujikaza kabla hata hujaguswa. Umeniandikia mwenyewe kwamba ukisikia mlango wa bafu mwili unakaza. Hapo mwili umeshaanza kujilinda, na ulinzi huo wenyewe unaongeza maumivu.

Kuhusu yale madoa ya damu: ngozi iliyo nyembamba na kavu huchanika kirahisi, na mara nyingi ndiyo sababu. Hata hivyo, damu baada ya tendo haikisiwi kwa barua. Naomba ichunguzwe, uangaliwe uke, shingo ya kizazi na mfuko wa uzazi. Mwombe anayekupima atumie kifaa chembamba, kilichopakwa kilainishi cha kutosha, na mkubaliane kabla kwamba ukisema “simama” anasimama. Wenzako wanaosoma hapa na wanatumia tamoksifeni, dawa nyingine ya kuzuia saratani ya matiti isirudi, nao wasikilize: kwao damu yoyote isiyo ya hedhi iripotiwe mapema, kwa sababu dawa hiyo huongeza kidogo hatari ya saratani ya utando wa mfuko wa uzazi.

Sasa hili la kuacha vidonge. Unajiambia miaka miwili labda inatosha. Sitakukemea, maana wanawake wengi huacha kabla ya muda, na madhara ya dawa ni mojawapo ya sababu kubwa. Ila nataka uamue ukiwa na picha kamili. Majaribio makubwa yaliyojumuishwa pamoja yameonyesha kwamba tamoksifeni ikitumika miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya matiti ya aina yako kwa karibu theluthi moja katika miaka 15, na dawa za kundi la letrozoli hufanya vizuri zaidi kidogo kwa wanawake waliokoma hedhi. Saratani ya aina hii pia ina tabia ya kurudi baada ya muda mrefu, hata mwanamke akiwa amekaa miaka mingi bila dalili. Hiyo ndiyo sababu ulipewa miaka mitano na si miwili.

Na je, una hakika gani kwamba ukiacha, unyevu utarudi? Una miaka 47 na umepita kwenye kemo. Ovari zako zinaweza kuamka, na zinaweza zisiamke. Ukiacha sindano peke yake na kuendelea na kidonge, kuna hatari nyingine: letrozoli haiwezi kuzizuia ovari zilizo macho. Ungekuwa unameza dawa ambayo haikulindi. Kwa hiyo hizi mbili usizichezee kimyakimya, hata moja.

Lakini kati ya kuacha na kuteseka kuna nafasi pana, na hapo ndipo ningependa tukae zaidi.

Anza na mambo yasiyo na homoni. Kuna bidhaa za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni jeli ya kutunza unyevu wa uke. Hii haihusiani na tendo. Unaiweka kwa ratiba, usiku kabla ya kulala, iwe mume yupo au amesafiri. Nyingine zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, nyingine kwa polikabofili, ambazo hushika maji na kuyaachia taratibu kwenye ngozi. Maelekezo mengi husema mara mbili au tatu kwa wiki, lakini wanawake walio kwenye dawa kama yako mara nyingi huhitaji mara tatu hadi tano. Usiishie kuiweka ndani. Paka pia pale mlangoni na kwenye mashavu ya uke, kwa sababu maumivu makali mara nyingi huwa pale pa kuingilia. Na uipe muda. Ngozi iliyokauka miaka miwili haipati nafuu kwa wiki moja. Wengine huona tofauti baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi hukata tamaa kabla ya hapo, na nakusihi usiwe miongoni mwao.

Ya pili ni kilainishi, ambacho hutumika wakati wa tendo lenyewe. Cha maji ni rahisi kusafisha ila hukauka haraka, kwa hiyo mnaongeza katikati bila aibu. Cha silikoni huteleza muda mrefu zaidi, na wengi wenye ukavu mkali hukipendelea. Mafuta nayo huwasaidia baadhi ya wanawake, ila hudhoofisha kondomu za mpira. Paka kwako na kwake pia. Soma lebo: epuka chenye manukato, chenye ladha, kinachodai kuleta joto, au chenye dawa ya kuua mbegu. Baadhi ya vilainishi vya maji vina gliserini au propilini glikoli nyingi mno, na badala ya kulainisha huvuta maji kutoka kwenye ngozi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kipimo cha ukolezi wa kilainishi, kinachoitwa osmolaliti, kisizidi 1,200, na ikiwezekana kiwe chini ya 380. Kama lebo haisemi, mfamasia anaweza kukusaidia kuchagua.

Sabuni usiipeleke ndani hata kidogo, na nje maji matupu yanatosha. Usijifukize, usijisafishe ndani kwa dawa, na usiweke mitishamba inayosifiwa kwamba inarudisha ujana au inabana uke. Ngozi yako haiwezi kuihimili, na mimea mingine hufanya kazi kama estrojeni bila mtu kujua ni kiasi gani.

Kama maumivu yako ni ya pale mlangoni, muulize daktari kuhusu lidokaini ya maji ya asilimia 4. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake waliopona saratani ya matiti waliokuwa na maumivu makali ya tendo. Walilowesha pamba kwa dawa hiyo ya ganzi, wakaiweka pale panapouma kwa dakika tatu kabla ya kuingiliwa. Wengi wao, wakiwemo waliokuwa wameacha kabisa tendo, waliweza kurudi bila mateso, na waume zao hawakulalamika kufa ganzi. Haitibu ukavu, lakini inaweza kukata ile kamba ya hofu. Naomba uitumie kwa maelekezo ya daktari tu, maana ganzi pia inaweza kuficha mchubuko.

Na kwa misuli iliyojikaza, kuna wataalamu wa fiziotherapia ya nyonga. Wanafundisha kupumua, kulegeza misuli, na wakati mwingine kutumia vipanuzi vya uke, vinavyoanza na kidogo kabisa na kuongezeka taratibu kwa mwendo wako mwenyewe. Najua inasikika vibaya ukisoma mara ya kwanza. Lakini kwa mwanamke ambaye mwili wake umejifunza kuogopa, jeli pekee mara nyingi haitoshi.

Sasa twende kwenye krimu ya rafiki yako. Nimefurahi kwamba hujaipaka, na nimefurahi kwamba uliisoma ile karatasi. Ila nisingependa uione kama sumu, wala kama mkombozi. Onyo lile limetokana na hofu ya kweli: jaribio liitwalo HABITS, la wanawake waliopona saratani ya matiti waliopewa homoni kwa ajili ya dalili za kukoma hedhi, lilisimamishwa Desemba 2003 kwa sababu saratani ilikuwa ikirudi zaidi kwa waliopewa homoni. Homoni zile zilienea mwili mzima. Estrojeni ya dozi ndogo inayowekwa ukeni ni jambo jingine, kwa sababu inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Ugumu kwa upande wako ni kwamba letrozoli inataka estrojeni iwe karibu na sifuri, kwa hiyo hata hicho kidogo kinajadiliwa. Na ngozi ikiwa nyembamba, mwanzoni hupitisha zaidi.

Tafiti zenyewe hazijatoa sauti moja. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2022, wa wanawake zaidi ya 8,000, haukuona saratani ikirudi zaidi kwa jumla ya waliotumia estrojeni ya ukeni, lakini kwa wale waliokuwa kwenye dawa za kundi la letrozoli ilirudi zaidi, ingawa vifo havikuongezeka. Utafiti mwingine wa karibu wanawake 50,000 wa Scotland na Wales haukuona ongezeko la vifo vya saratani ya matiti kwa waliotumia estrojeni ya ukeni. Chama cha Marekani cha madaktari wa wanawake na uzazi kinashauri kuanza na njia zisizo na homoni, na zikishindwa, estrojeni ya ukeni ya dozi ndogo inaweza kufikiriwa baada ya mgonjwa kuzungumza na daktari wake wa saratani. Kwa hiyo ni mlango unaoweza kufunguliwa, ila haufunguliwi ukiwa peke yako mbele ya kabati. Krimu hupakwa kwa makadirio, na mtu mwenye maumivu hushawishika kuongeza. Vipo vidonge vidogo vya ukeni vya mikrogramu 10 na pete zinazotoa dozi inayojulikana, na daktari akiamua njia hiyo, hatua ya kwanza ni kujua kiasi kinachoingia mwilini mwako.

Chaguo jingine linalozungumzwa ni kuhamia tamoksifeni, kwa muda au moja kwa moja. Haishushi estrojeni mwilini, inaizuia isiifikie saratani, kwa hiyo kwa kawaida haikaushi uke kama letrozoli, na wengine hupata hata ute mwingi. Lakini ina bei yake: hatari kidogo ya damu kuganda na ile ya mfuko wa uzazi niliyoitaja. Kama inakufaa au haikufai inategemea ukubwa wa hatari ya saratani yako kurudi, na hilo liko kwenye faili lako, si kwenye barua yangu.

Utasikia pia kuhusu DHEA ya kuweka ukeni. Hii ni homoni inayogeuka kuwa estrojeni na homoni nyingine ndani ya chembe za uke, kwa hiyo nayo ni ya kujadiliwa na daktari wa saratani. Tiba za leza zinatangazwa sana na ni ghali. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu matangazo hayo mwaka 2018, na jaribio lililochapishwa mwaka 2021 halikuona leza ikizidi leza ya bandia. Ningekuwa wewe, ningezitunza hizo pesa.

Mwanangu, sasa nirudi kwa mume wako. Unaniuliza uchague ndoa au uhai, kana kwamba ndoa yako yote imesimama kwenye jambo moja. Sikuambii jambo hilo ni dogo. Lakini tazama swali alilokuuliza. Hakusema “mbona unaninyima.” Aliuliza kama umemchoka. Mtu anayeuliza hivyo anataka kujua kama bado anapendwa, na wewe kwa kunyamaza umemwachia ajijibu mwenyewe. Kutokugusa begani huenda ni adabu yake: ameona unajikunja, ameamua asikusumbue. Huenda nimekosea, wewe unamjua. Lakini wala wewe hujui, maana hamjaongea.

Ongea naye nje ya chumba cha kulala, wakati wa mchana, mkiwa hamna haraka. Huhitaji hotuba. “Sijakuchoka. Dawa za saratani zimenikausha, ukiniingilia naumia mpaka natoka damu, nikaona aibu kukuambia. Natafuta matibabu, na nataka uwe pamoja nami.” Kisha jaribuni kukubaliana kwamba kwa kipindi fulani hakuna kuingiliana kabisa, mpaka uchunguzwe na jeli ifanye kazi. Najua inaonekana kama kumnyima zaidi. Kwa wenzi wengi huwa kinyume chake: ukijua kukumbatiwa hakuishii kwenye maumivu, unaacha kukimbia kukumbatiwa. Kuna mengi ya kufanya na mikono na midomo, na baada ya upasuaji wa titi nanyi mna mengi ya kujifunza upya kuhusu mwili huo, ni wapi panapendeza kuguswa na ni wapi bado pamekufa ganzi.

Kuna hatari, sitakuficha. Anaweza kusikia “hapana” peke yake na kuumia. Anaweza kuona haya kwamba alikuwa akikuumiza bila kujua. Na hata maumivu yakiisha, hamu inaweza kuchelewa kurudi, kwa sababu dawa, uchovu na hofu ya saratani vyote vinaipunguza. Ikiwa mazungumzo yatawashinda, mshauri wa wanandoa aliyezoea wagonjwa wa saratani anaweza kukaa nanyi. Mtu aliyenyoa nywele zake kwa ajili yako, mimi ningempa nafasi ya kusikia.

Imebaki kwa daktari. Umri wake unakupa haya, naelewa, lakini kijana huyo amelisoma hili, na kila anapokuandikia letrozoli anajua kwamba inakausha. Asilolijua ni kama imekukausha wewe. Kama ulimi unakataa, andika kwenye karatasi, kama ulivyoniandikia mimi, umkabidhi mara tu unapokaa: “Nina ukavu na maumivu makali ukeni, UTI zinajirudia, nimeona damu baada ya tendo, na nimefikiria kuacha dawa.” Sentensi hiyo ya mwisho usiifute, kwa sababu ndiyo itakayomfanya aweke kalamu chini. Unaweza kuomba daktari wa kike au upelekwe kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na hakuna anayepaswa kukuuliza sababu. Mwulize jeli gani na mara ngapi, kama lidokaini inakufaa, kama yupo mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga, na kama hayo yakishindwa, ana maoni gani kuhusu tamoksifeni au estrojeni ya ukeni kwa saratani ya hatua na aina yako. Ukipenda, ingia na mume wako.

Damu ile usiisubirishe mpaka miadi ya kawaida. Piga simu wiki hii uombe kuonwa. Na ikitokea tena mtu akakujibu kwamba ushukuru tu upo hai, mwambie unashukuru, kisha rudia swali lako, na asipojibu omba kuonana na mwingine.